Ufa wa bampa: Fundi huokoa fedha, lakini nani huangalia kilicho nyuma yake?

KATIKA Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, kuna kazi inayofanywa mchana kutwa lakini ambayo ni nadra kutajwa katika hotuba za wanasiasa. Fundi hupokea bampa lililopasuka, huligeuza na kulikagua upande wa ndani, kisha huwasha chuma chake cha moto na kuanza kuunganisha plastiki kwa plastiki. Baadaye mwenye gari huondoka akiwa ameridhika. Rangi inang'aa, ufa hauonekani, na mfukoni amebakiwa na pesa ambazo angezitoa kununua bampa jingine.

Hayo ni mafanikio yasiyostahili kubezwa. Hata hivyo, kazi hiyo inazua swali ambalo nchi haijalijibu ipasavyo. Je, ni sehemu zipi za plastiki ambazo fundi anaweza kuzirekebisha bila kumhatarisha yeyote, na ni zipi ambazo hazifai kuguswa? Kufikia sasa jibu limeachiwa fundi na mteja wake, mmoja akitafuta riziki na mwingine akitafuta nafuu. Walio nje ya mapatano hayo, yaani abiria, mwenda kwa miguu na mtu atakayelinunua gari hilo kesho, hawana wa kuwasemea.

Chuma kilivyopisha plastiki

Kwa miongo mingi bampa lilikuwa kipande cha chuma. Likipinda, lilinyooshwa kwa nyundo. Likikatika, lilichomelewa. Mambo yalianza kubadilika kampuni ya Renault ya Ufaransa ilipozindua gari lake la Renault 5 mwaka wa 1972, likiwa na mabampa ya plastiki yaliyoshikana na umbo la gari lenyewe. Watengenezaji wengine walifuata. Plastiki ni nyepesi, haishiki kutu, hufinyangwa kwa umbo lolote, na gari jepesi hutumia mafuta kidogo.

Leo mabampa mengi hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki ambayo njia yake ilifunguliwa na kazi ya mwanakemia Mwitaliano Giulio Natta mnamo 1954. Miaka tisa baadaye Natta alituzwa Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Zaidi ya bampa, plastiki imeteka pia wavu wa mbele, vifuniko vya vioo vya pembeni, mifuniko ya taa, dashibodi, tangi la mafuta katika magari mengi na hata vichwa vya rejeta.

Mabadiliko hayo yameigusa Kenya kwa namna ya kipekee. Magari mengi yanayoingia nchini ni mitumba kutoka Japan, na kanuni inayosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) hairuhusu gari lililopita umri wa miaka minane. Kwa hivyo, gari linapoteremshwa katika bandari ya Mombasa, mara nyingi plastiki yake huwa imekwisha kula chumvi. Baada ya hapo hukutana na jua la ikweta, ambalo miale yake hukausha plastiki na kuifanya iwe kama mfupa mkavu. Kisha kuna matuta yasiyo na alama, mashimo ya barabarani na msongamano ambamo matatu na bodaboda hupenya kila mwanya. Ufa, basi, ni suala la wakati tu.

Hesabu ya mwananchi

Anayepasuliwa bampa huwa na njia tatu. Ya kwanza ni kununua jipya kutoka kwa mwakilishi wa kampuni iliyolitengeneza gari. Bei ya njia hii humfukuza mwananchi wa kawaida kabla hajamaliza kuuliza. Ya pili ni kutafuta lililotumika, ambalo aghalabu huwa limeng'olewa kwenye gari kuukuu huko Japan, au limepitia Sharjah katika Milki ya Falme za Kiarabu, soko maarufu la spea zilizotumika. Lakini bampa hilo huenda likawa na rangi tofauti, likawa la toleo tofauti la gari lile lile, au likawa nalo limewahi kupasuka na kufichwa ufa wake. Njia ya tatu ni kurekebisha lile lile lililopo.

Wapo wanaodhani kwamba bima huondoa tatizo hili. Ukweli ni kwamba magari mengi yana bima ya kulinda watu wengine pekee, ambayo haimlipi mwenye gari hata senti moja kwa hasara ya gari lake. Hata mwenye bima kamili hulazimika kugharimia sehemu ya kwanza ya hasara kutoka mfukoni mwake. Mara nyingi gharama ya ufa wa bampa haifiki kiwango hicho, au hukipita kwa kiasi kidogo kisichostahili usumbufu wa kujaza fomu na kupoteza punguzo la mwaka ujao.

Kwa sababu hizo, fundi wa jua kali hashindani na kampuni ya bima wala na muuzaji wa spea mpya. Anaziba pengo ambalo wote wawili wameliacha. Dereva wa teksi ambaye gari lake likilala siku mbili familia nayo hulala njaa hana muda wa kungoja kontena kutoka ng'ambo.

Ufundi wenye kanuni zake

Kosa la wengi ni kudhani kwamba plastiki ni plastiki. Fundi aliyebobea huanza kwa kusoma. Upande wa ndani wa kipande cha gari huwa na alama iliyopigwa chapa kiwandani, mathalani PP, ABS, PC au PUR. Alama kama PP+EPDM-T20 humwambia kwamba mkononi ana polipropilini iliyochanganywa na mpira ili isivunjike haraka, pamoja na asilimia 20 ya unga wa talki ili iwe ngumu. Herufi hizo chache ndizo zinazoamua kila kitu kinachofuata.

Polipropilini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi za selsiasi, na huungana barabara na polipropilini mwenzake tu. Fundi huosha kipande kwa sabuni, hutoboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee kutambaa, kisha huchonga mfereji wenye umbo la V kuufuata ufa wenyewe. Baada ya hapo huyeyusha ufito wa plastiki ya aina ile ile ndani ya mfereji huo, kwanza upande mmoja na kisha upande wa pili. Mahali penye mzigo mkubwa huzamisha wavu wa chuma kisichoshika kutu. Mwishowe hupiga msasa, hupaka dawa maalumu ya kuifanya rangi ishike, na hapo ndipo rangi hufuata.

Plastiki ya ABS, inayopatikana sana kwenye wavu wa mbele na kwenye vifuniko vya pikipiki, ina tabia nyingine. Huyeyuka katika asetoni, na mafundi wengi hulowesha vipande chakavu vya ABS humo hadi vikawa uji, kisha huutumia uji huo kuziba ufa. Anayejaribu hila hiyo kwenye polipropilini hupoteza muda wake, kwa sababu asetoni haiyeyushi plastiki hiyo. Nayo ile iitwayo PUR mara nyingi haiyeyuki kabisa kwa moto. Huungua na kutoa moshi wenye sumu, na dawa yake ni gundi maalumu wala si chuma cha moto.

Hapa ndipo fundi hodari hutofautiana na mbabaishaji. Mbabaishaji hupaka faibaglasi na fila juu ya polipropilini bila kujua kwamba plastiki hiyo haishikani kwa urahisi na chochote. Siku ya kwanza kazi hupendeza macho. Baada ya miezi michache ya jua na mtetemeko, fila hubanduka kama magamba ya samaki, na mteja hurudi akilalamika kwamba mafundi wote ni matapeli. Pini za chuma zinazozamishwa kwa moto ndani ya ufa nazo husaidia kushikilia kingo zisiachane, lakini pekee haziwezi kuchukua nafasi ya kuchomelea kikamilifu.

Mpaka usiochorwa

Hadi hapo suala ni la pesa na sura. Lakini kuna mambo manne ambapo ufa wa plastiki unageuka kuwa suala la uhai.

La kwanza ni kilicho nyuma ya bampa. Plastiki inayoonekana ni ngozi tu. Nguvu ya mgongano hupokewa na sponji ngumu pamoja na boriti ya chuma au aluminiamu iliyojificha ndani. Gari likigongwa, ngozi hiyo inaweza kujikunjua na kurudi karibu na umbo lake huku boriti ikiwa imepinda na sponji imesagika. Fundi akiunganisha ngozi na kuipaka rangi bila kuifungua na kutazama ndani, atakuwa ameuficha ugonjwa kwa kumvisha mgonjwa nguo mpya. Baya zaidi, baadhi ya watu huitupa sponji iliyovunjika kwa sababu haionekani. Sponji hiyo hiyo, katika magari mengi ya kisasa, imekusudiwa pia kupunguza majeraha ya miguu ya mtu anayegongwa. Katika nchi ambamo wanaotembea kwa miguu ndio wanaoongoza katika orodha ya wanaouawa barabarani, hilo si jambo dogo.

La pili ni rada. Kampuni ya Toyota huyawekea magari yake mengi mfumo wa kumwonya dereva na kufunga breki wenyewe, na kampuni nyingine zina mifumo yao. Katika baadhi ya magari kifaa cha rada hukaa nyuma ya wavu wa mbele au nyuma ya ngozi ya bampa, kikitazama barabara kupitia plastiki hiyo. Tabaka nene la fila, wavu wa chuma uliozamishwa au rangi iliyorundikana mbele yake huweza kukipofusha au kukipotosha. Kwa kuwa Kenya hupokea magari yenye umri wa hadi miaka minane, magari yenye vifaa hivyo hayako tena mbali. Tayari yako barabarani, na mengine yamo gerejini yakisubiri kurekebishwa.

La tatu ni sehemu zinazobeba joto, shinikizo au mafuta. Vichwa vya rejeta vya plastiki hupitiwa na maji yanayochemka chini ya shinikizo, na gundi inayoonekana imara injini ikiwa baridi huachia gari likipanda mlima. Tangi la mafuta la plastiki ni hatari zaidi, kwani mvuke wa petroli unaobaki ndani ya tangi linalodhaniwa kuwa tupu unaweza kulipuka mara tu chuma cha moto kinapolikaribia. Aidha, kifuniko cha mfuko wa hewa kwenye usukani au dashibodi kimeundwa kupasuka kwa namna maalumu ndani ya nukta ya sekunde. Kikiunganishwa kwa gundi, mfuko unaweza kukosa pa kutokea, au ukatoka na kumrushia dereva vipande usoni. Sehemu hizi hazirekebishwi. Hubadilishwa.

La nne linawahusu wahudumu na abiria wa bodaboda. Vifuniko vya pembeni vya pikipiki vinaweza kuunganishwa bila hofu. Helmeti iliyopasuka haiwezi. Kazi ya helmeti ni kuvunjika badala ya fuvu, na ikishavunjika imemaliza kazi yake. Kuibandika kwa gundi ni kumuuzia abiria matumaini matupu.

Kati ya pande hizo mbili kuna taa za mbele. Vishikio vyake vikikatika vinaweza kuchomelewa vizuri tu. Lakini taa ikirudishwa ikiwa imeinuka kidogo, huwapofusha madereva wanaokuja usiku kutoka upande wa pili. Urekebishaji hapo haukamiliki mpaka mwanga upimwe na kuelekezwa.

Fundi asiye na cheti

Ni rahisi kumnyoshea fundi kidole. Lakini ni vyema kuuliza alijifunzia wapi. Aghalabu alijifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, naye aliyemtangulia alijifunza wakati magari yalikuwa bado ya chuma. Fundi aliyezoea kunyoosha mabati amelazimika kujifundisha kazi ya plastiki kwa kujaribu na kukosea, na gharama ya makosa hayo imelipwa na wateja na mapafu yake mwenyewe.

Mapafu hayatajwi bure. Moshi wa plastiki inayochomwa, vumbi la faibaglasi na mvuke wa rangi za kuchanganya na kikazisho ni hatari kwa afya, na rangi hizo zinajulikana kusababisha pumu ya kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake. Lakini mwajiri ni nani, pale fundi anapofanya kazi peke yake kando ya barabara akiwa amejifunga kitambaa puani?

Haiwezi kusemwa kwamba serikali haikujua. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilichapisha ripoti kuhusu Kenya iliyoufanya ulimwengu uanze kuitazama sekta isiyo rasmi kama chemchemi ya ajira badala ya kero ya mijini. Mwaka wa 1992 serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali, na mwaka wa 2012 Bunge likapitisha Sheria ya Biashara Ndogo Sana na Biashara Ndogo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) ina mitihani ya kupima ufundi na kuwapa vyeti hata wale ambao ujuzi wao waliupata kazini. Njia, kwa hivyo, ipo. Kinachokosekana ni kazi ya plastiki kupewa hadhi yake kama ufundi unaojitegemea, sawa na kuchomelea chuma au kurekebisha nyaya za umeme.

Anayedhani kwamba suluhisho ni kuwafukuza mafundi kando ya barabara anajidanganya. Kazi itahamia vichochoroni, ambako hata macho ya jirani hayatafika.

Upande wa mazingira

Kuna sababu nyingine ya kuutunza ufundi huu. Kenya iliushangaza ulimwengu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 28, 2017. Lakini bampa moja lina plastiki inayoshinda ile ya mamia ya mifuko hiyo, na likitupwa halina mahali maalumu pa kwenda isipokuwa jaani. Umoja wa Ulaya, kupitia agizo lake la mwaka 2000, uliwataka watengenezaji wahakikishe kuwa kufikia mwaka wa 2015 asilimia 95 ya uzani wa gari lililozeeka inatumiwa tena kwa njia moja au nyingine. Kenya nayo ilipata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka wa 2022, ambayo inawabebesha wanaotengeneza na kuingiza bidhaa nchini wajibu wa taka zinazotokana na bidhaa hizo.

Kila bampa linalorekebishwa vyema ni taka iliyozuiwa kabla haijazaliwa. Fundi wa Grogan amekuwa akitekeleza shabaha ya sheria hiyo tangu zamani, bila ruzuku na bila kutambuliwa.

Yanayoweza kufanywa

Hatua zinazohitajika si za gharama kubwa. Mwanzo ni orodha fupi, iliyoandikwa kwa lugha ambayo fundi anaisoma, inayotenganisha sehemu zinazoweza kurekebishwa, zile zinazoweza kurekebishwa kwa masharti, na zile ambazo ni sharti zibadilishwe. KEBS na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) zina uwezo wa kuiandaa zikishirikiana na mafundi wenyewe. Wakaguzi wa magari nao waitumie orodha hiyo kwa kutazama ndani ya bampa badala ya kuridhika na mng'ao wa rangi.

Kampuni za bima zina nafasi ya pekee, kwa sababu ndizo zenye pesa. Zikikubali kulipia urekebishaji uliofanywa na fundi mwenye cheti badala ya kubadilisha kila kilichopasuka, zitaokoa fedha zao na kumpa fundi sababu ya kwenda kufanya mtihani. Mtu haendi kutafuta cheti kisichomletea mteja.

Mwenye gari naye hana udhuru. Maswali matatu yanatosha kumpima fundi: hii ni plastiki ya aina gani, utaiunganisha kwa nini, na umekuta nini ndani? Asiyeweza kujibu la kwanza hafai kuachiwa la pili. Anayesita kujibu la tatu huenda hakufungua kabisa. Isitoshe, mteja adai risiti inayoeleza kilichofanywa, ili siku atakapoliuza gari lake mnunuzi ajue anachonunua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gereji za Kenya ufa unazibwa kila siku, na mara nyingi unazibwa vizuri. Iliyobaki ni kuhakikisha kwamba anayeuziba anajua alichokiona ndani, na kwamba atakayepanda gari hilo halipi kwa maisha yake nafuu aliyoipata mtu mwingine.